Maji ya Mvua Yazame Pale Yanaponyeshea: Hotuba kuhusu sakafu za kupitisha maji mjini Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, mafundi na makandarasi, walimu, wazee wetu na akina mama mliofika, Assalamu alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya sakafu za kupitisha maji, yaani sakafu za nje, za nyua, njia za miguu na maegesho ya magari, ambazo mvua ikinyesha juu yake maji hayakimbilii mtaroni bali huzama papo hapo na kuingia ardhini. Nina jambo moja la kusema, na mengine yote nitakayoyaeleza ni ya kulifafanua. Kila mwenye kiwanja hapa Tanga ana wajibu wa kuyapokea maji ya mvua yaliyoanguka katika kiwanja chake kabla ya kuyasukuma kwa jirani, na ufundi wa kuutimiza wajibu huo, bila kuuacha ua uwe tope, upo na unajulikana.

Wazee mliomo humu mnaikumbuka Ngamiani, eneo la makazi hapa mjini lenye barabara zinazoitwa kwa namba, enzi za nyua za mchanga. Nyumba ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma, ua ukifagiliwa kila asubuhi, na masika yakiingia maji yalituama kidogo kisha yakazama, kwa sababu sehemu nyingi za mji huu wa pwani zina udongo wa kichanga unaoyapokea maji vizuri. Kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, kila kiwanja kilikuwa na mahali pake pa kunywea mvua. Leo nyua hizo zinafunikwa zege kutoka ukuta hadi ukuta, na kila fundi, kwa kufuata alivyofundishwa, huweka mteremko unaoelekea getini. Siwalaumu waliofanya hivyo. Mtu anaisakafia nyumba yake ili watoto wasikanyage tope, ili gari lisizame, ili ua ufagilike na kuoshwa. Hayo ni mahitaji ya kweli, na mpango wowote utakaoyapuuza hautafuatwa na mtu. Lakini nyua zote zikielekeza maji getini kwa saa moja, barabara hugeuka mto, na mitaa ya chini ndiyo inayolala na maji ndani.

Naomba tuipige hesabu, maana ni nyepesi na kila mmoja anaweza kuirudia nyumbani. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka wa kawaida, na sehemu kubwa yake hushuka katika masika, kati ya Machi na Mei. Chukueni ua wa shule au wa msikiti wenye mita za mraba 1,000, halafu inyeshe mvua ya milimita 50 kwa siku moja, kiasi ambacho wenyeji wa pwani hawakishangai. Ua huo umepokea lita 50,000, sawa na ndoo 2,500 za lita 20. Wahandisi wanapokadiria maji yatakayotiririka, uwanja tambarare wenye majani juu ya udongo wa kichanga huhesabiwa kuwa utaachia asilimia 5 hadi 10 tu ya mvua, ilhali lami na zege huhesabiwa kuachia kati ya asilimia 70 na 95. Kwa hiyo ua ule ule, uliokuwa ukitoa pengine lita 5,000 kwenda nje, ukishasakafiwa hutoa kati ya lita 35,000 na 47,500. Idadi ya nyua za namna hiyo katika kata zenu mnaijua nyinyi.

Jibu letu la siku zote limekuwa ni kupanua mtaro. Mitaro ni muhimu, nami sitamshauri mtu yeyote aifukie. Hata hivyo mtaro mpana hauyapunguzi maji. Huyapeleka mbele upesi zaidi, na mahali yanapofikia hukutana na maji ya mitaro mingine iliyopanuliwa vilevile.

Na maji hayo hayaendi mikono mitupu. Tangu vuli kuisha mpaka masika kuanza, juu ya lami na sakafu zetu hukusanyika oili inayodondoka kutoka kwenye magari, pikipiki na bajaji, vumbi la breki lenye shaba ndani yake, chembe za mipira ya matairi, udongo, kinyesi cha wanyama, mabaki ya sokoni na sabuni. Mapaa yetu ya mabati nayo huachia zinki kidogo kidogo kila yanaponyeshewa. Mvua za mwanzo huyakokota yote hayo kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana maji ya siku za kwanza za masika huwa machafu kuliko yanayofuata. Yakishapita mtaroni huishia katika Ghuba ya Tanga, kwenye mikoko na matumbawe ambayo wavuvi wa Sahare, Mwambani na Deep Sea wanayategemea. Matumbawe ni viumbe hai, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo sana inayohitaji mwanga wa jua. Tope likitanda juu ya maji mwanga hupungua, na likishuka chini huyafunika. Ni haki kusema pia kwamba tope la ghuba yetu halitoki mjini pekee. Mto Sigi na Mto Mkulumuzi huleta udongo kutoka mashambani na milimani, na hilo lina tiba yake nyingine. Lakini oili, zinki na taka za barabarani ni zetu sisi wa mjini, na bahari inayozipokea ni ile ile ambayo Serikali iliitangazia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la yule samaki wa kale, mwaka 2009.

Sasa niingie katika sakafu yenyewe.

Zipo aina tatu zinazotumika zaidi duniani. Ya kwanza ni zege lenye matundu, ya pili ni lami yenye matundu, na ya tatu ni vitofali vya pevingi vinavyopangwa kwa kuachiwa nafasi katikati yake. Lami yenye matundu nitaipita haraka. Ilifanyiwa kazi kubwa mapema katika miaka ya 1970 na Taasisi ya Franklin ya Philadelphia nchini Marekani, nayo ni nzuri, ila inahitaji mitambo na uangalizi wa joto ambao kwa ua wa shule au wa zahanati hauna sababu. Kwa Tanga, kwa maoni yangu, kazi ianze na vitofali, kisha zege.

Kabla sijaendelea lazima niondoe dhana moja ambayo nakutana nayo karibu kila ninapozungumza na wenye nyumba. Wengi husema, "Mimi ua wangu una pevingi, maji yanapita." Ndugu zangu, kwa sehemu kubwa hayapiti. Vitofali tulivyozoea hupangwa juu ya mchanga au vumbi la kokoto lililoshindiliwa sawasawa, chini yake pana moramu iliyoshindiliwa pia, na katikati ya kitofali na kitofali hufagiliwa mchanga laini mpaka ufa ujae. Baada ya miezi michache ya kukanyagwa, sakafu hiyo huwa karibu sawa na zege, na anayetaka kuthibitisha amwage ndoo ya maji katikati ya ua aone yanaelekea wapi. Vitofali vya kupitisha maji vinaweza kuwa vya saruji ile ile na kiwanda kile kile, ila huachiwa ufa wa milimita 6 hadi 10, na ufa huo hujazwa kokoto ndogo ngumu zilizooshwa, zisizo na vumbi hata kidogo. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, imo chini, mahali ambapo mwenye nyumba haoni.

Naomba mafundi mnisikilize hapa kwa makini, maana nimeona kwamba maelezo mengi ya jambo hili huishia kusifia uso wa sakafu. Uso ni mlango tu. Kazi ya kupokea mvua inafanywa na tabaka la kokoto kubwa lililo chini yake. Ardhi huchimbwa, tuseme kwa kina cha sentimita 40. Udongo wa chini haushindiliwi, na lori au mtambo hauruhusiwi kupita juu yake, kwa kuwa udongo ulioshindiliwa haunywi. Juu yake huwekwa kokoto zenye ukubwa unaolingana, za milimita 20 hadi 40, kwa unene wa sentimita 25 au zaidi. Kokoto za ukubwa mmoja haziwezi kujibana zikajazana. Huacha nafasi ya karibu asilimia 40 ya ujazo wote. Maana yake ni kwamba kila sentimita 25 za kokoto zinaweza kubeba sentimita 10 za maji, sawa na milimita 100 za mvua. Ua wetu wa mita za mraba 1,000 sasa una ghala chini ya miguu ya wanafunzi linaloweza kuweka lita 100,000, mara mbili ya ile mvua ya milimita 50, hata kabla tone moja halijaingia kwenye udongo. Juu ya kokoto kubwa huja tabaka jembamba la kokoto ndogo kiasi cha sentimita 5 la kulalia vitofali, kisha vitofali vyenyewe. Penye udongo laini, kati ya udongo na kokoto hutandikwa kitambaa cha kuchujia, ili tope lisipande kuziba nafasi.

Kokoto hizo zitoke kwenye mwamba mgumu na zioshwe. Hili linatuhusu sana watu wa Tanga, kwa sababu mji wetu umezungukwa na mawe ya chokaa. Tunayaona Maweni, tunayaona katika mapango ya Amboni, na viwanda vyetu vya saruji vimewekwa huku kwa sababu hiyo hiyo. Jiwe la chokaa laini, na hasa jiwe la matumbawe, likisagana chini ya uzito hutoa unga, na unga huo hushuka na kuziba. Ni afadhali kulipia nauli ya kokoto ngumu kutoka mbali kidogo kuliko kujenga ghala la maji litakalojaa unga wake lenyewe baada ya misimu michache.

Zege lenye matundu nalo lina siri yake. Halina mchanga, au lina mchanga kidogo mno. Kokoto zenye ukubwa mmoja hupakwa uji wa saruji mzito, zikashikana kwenye ncha zinapogusana huku nafasi kati yake zikibaki wazi, kama karanga katika kashata zinavyoshikwa na sukari. Nafasi hizo huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya zege lote, na zege jipya lililotengenezwa vizuri linaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika katika kila mita ya mraba, kasi ambayo mvua yoyote ya hapa haiifikii. Ugumu uko kwenye maji ya kuchanganyia. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, kiasi kinachofaa ni karibu lita 14 hadi 17. Fundi aliyezoea zege la kumiminika ataona mchanganyiko ni mkavu na mkono wake utataka kuongeza maji. Akiongeza, uji utateremka chini na kuziba matundu yote, na akipunguza kupita kiasi, kokoto zitachomoka kwa kufagiliwa tu. Kipimo cha mkononi ni kufinyanga donge: lisimeguke, lisitiririke, na mashimo yaendelee kuonekana. Uso haupigwi mwiko wala kupakwa saruji ya kulainisha, na mara baada ya kusawazishwa hufunikwa kwa nailoni kwa muda wa siku 7, kwa sababu hewa hupita ndani yake na kulikausha upesi, hasa upepo wa kaskazi ukivuma. Nondo haziwekwi humo, maana maji na hewa ya chumvi vinapita moja kwa moja na zitakula kutu.

Zege hili ni dhaifu kuliko lile la kawaida, na hapana haja ya kulificha hilo. Linafaa kwa njia za miguu, njia za baiskeli, nyua na maegesho ya magari madogo. Barabara inayopitisha malori ya bandarini au ya saruji iachwe na lami yake na mitaro yake.

Mtu atauliza, na ameuliza vyema: kama maji machafu ya juu tunayaingiza ardhini, je, hatuhamishi uchafu kutoka baharini kwenda kisimani? Tope na chembe hukamatwa katika sentimita chache za juu. Madini kama zinki, risasi na shaba kwa sehemu kubwa hushikamana na chembe hizo, hivyo hubaki nazo, na sehemu nyingine hunaswa na udongo wa chini. Matone ya oili hushikwa juu ya kokoto, na hapo hutokea bakteria wanaoyafanya chakula chao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry nchini Uingereza walilionesha hilo katika miaka ya 1990 kwa majaribio waliyoyafuatilia kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa sana ya oili waliyoiweka juu haikufika chini. Lakini vitu vilivyoyeyuka kabisa katika maji, kama chumvi na naitreti, sakafu hii haivizuii. Wala haiwezi kupokea oili inayomwagwa kwa madebe. Kwa sababu hizo, gereji, vituo vya mafuta, machinjio na mahali panapohifadhiwa mbolea au dawa za mashambani pasiwekewe kabisa sakafu ya kupitisha maji. Hapo tunataka sakafu isiyopitisha hata tone, yenye mtego wa mafuta na mahali pa kukusanyia.

Kwa Tanga naongeza tahadhari ya mawe. Penye mwamba wa matumbawe ulio karibu na uso wa ardhi, kama sehemu za Raskazone, maji yakiingia kwenye ufa husafiri mbali bila kuchujwa na udongo wowote. Huko inafaa kuweka tabaka nene la mchanga chini ya kokoto, au kuacha kabisa ikiwa kuna visima. Umbali wa mita 30 kutoka kwenye kisima uheshimiwe. Pia sakafu isisogezwe karibu na mashimo ya vyoo, kwa sababu maji yakijaa shimoni yataibua kipindupindu badala ya kuondoa mafuriko, na iwe angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba. Katika maeneo ya chini yanayokaribiana na mikoko, maji ya ardhini huwa karibu mno. Panapaswa kuwa na mita moja hivi ya udongo mkavu kati ya chini ya kokoto na maji hayo, na kipimo hicho kichukuliwe mwezi wa Mei, wakati ardhi imeshiba. Anayepima Januari anajidanganya.

Kupima udongo hakuhitaji maabara. Chimba shimo hadi kina ambacho kokoto zitakaa, lijaze maji, yaache yanywewe, jaza tena, kisha pima yanashuka milimita ngapi kwa saa. Yakishuka chini ya milimita 13 kwa saa, udongo ni mzito, na sakafu itahitaji bomba lenye matundu chini ya kokoto la kuyatoa polepole kuelekea mtaroni. Hata hivyo bado kuna faida, kwa kuwa maji yatatoka usiku kucha na kesho yake, wala hayatatoka yote kwa saa moja. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ghala la kokoto liwe tupu ndani ya saa 72. Nawajibu hapo pia wanaohofia mbu: mbu huhitaji kwa kawaida wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, na maji yaliyo chini ya kokoto kwa siku mbili au tatu hayampi nafasi hiyo. Dimbwi linalokaa wiki mbili mbele ya geti ndilo linalompa.

Niseme wazi kitu kinachoziua sakafu hizi, maana zikifa watu watasema teknolojia haifai. Kinachoziua ni vumbi na uzembe. Mwenye nyumba anateremsha lori la mchanga wa kujengea juu ya ua wake mpya, mvua inanyesha, mchanga wote unaingia kwenye matundu. Au bustani iliyo juu kuliko sakafu inamwaga udongo kila masika. Au mtunza ua, kwa nia njema, anaona nyufa zenye kokoto anazijaza saruji ili majani yasiote. Kwa vitofali, tiba inawezekana kwa mikono: kokoto za kwenye nyufa huchokolewa kina cha sentimita mbili au tatu pamoja na uchafu wake, zikawekwa nyingine safi. Kwa zege, njia ya uhakika ni mashine ya kufyonza vumbi au maji ya shinikizo yanayoelekezwa kwa uangalifu, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya nivipendelee vitofali kwa shule na zahanati ambazo hazitanunua mashine. Ufagio wa kila siku, ambao watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, ni nusu ya matunzo yote. Nusu nyingine ni kupima kila mwaka: chukua pete ya bati yenye kipenyo cha sentimita 30, izibe pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, mimina lita 18 za maji na uangalie saa. Sakafu mpya huyameza kwa dakika moja hivi au mbili. Andika muda huo kwenye daftari la shule, na mwaka unaofuata andika tena chini yake.

Wengine wametangulia na tunaweza kujifunza kwao mema na mabaya. Jimbo la Florida nchini Marekani, lenye mchanga wa pwani na mvua za ghafla kama zetu, lilianza kutumia zege lenye matundu tangu miaka ya 1970. Nchini China, mwaka 2015 Serikali ilichagua miji 16 ya mwanzo ya kujengwa upya ili iyanywe maji ya mvua kwa kutumia sakafu hizi pamoja na bustani na mabwawa. Lakini tarehe 20 Julai 2021, mji wa Zhengzhou, ambao nao ulikuwa umewekeza sana katika mpango wa namna hiyo, ulinyeshewa na zaidi ya milimita 200 kwa saa moja, watu wengi wakafa. Hakuna sakafu iliyosanifiwa kwa mvua kama hiyo. Nalitaja hili ili asiwepo kiongozi atakayewaahidi wananchi kwamba tukitandika vitofali vyenye nyufa hatutaona mafuriko tena. Tunachoweza kukipata ni kwamba mvua za kawaida, zile zinazorudi kila masika na kila vuli, zisiwe tena adhabu kwa mitaa ya chini, na kwamba uchafu wa mvua za mwanzo ubaki nchi kavu tunakoweza kuushughulikia.

Mfano ninaouona wa karibu zaidi na mamlaka yenu, waheshimiwa madiwani, unatoka Uingereza. Baada ya mafuriko ya mwaka 2007, ilitungwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2008: mwenye nyumba katika England akitaka kusakafia zaidi ya mita 5 za mraba za ua wake wa mbele kwa sakafu isiyopitisha maji, na maji yakawa hayana mahali pa kuzama ndani ya kiwanja chake, lazima aombe kibali, akitumia inayopitisha, haombi. Kanuni hiyo haikumkataza mtu kusakafia. Ilimuuliza tu maji yake yanakwenda wapi. Halmashauri ya Jiji la Tanga ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na tayari kila anayejenga huleta ramani kuomba kibali cha ujenzi. Naomba ramani hiyo ioneshe pia maji ya paa na ya ua yatazama wapi, na ofisi isipitishe ramani ambayo jibu lake ni barabarani. Paa ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa maji yake yanaweza kuingia kwenye tangi na kutumika.

Kuhusu mahali pa kuanzia, msimamo wangu ni kwamba tuanze na nyua ambazo ni mali ya umma, zisizopitiwa na magari mazito, na zenye mtu wa kuzifagia: shule za msingi, zahanati, ofisi za kata. Kazi ya kwanza iwe ndogo, ya vitofali, isimamiwe na mhandisi wa jiji, na mafundi wa mitaa pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA waalikwe kuichimba na kuipanga kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu ufundi huu haujifunzwi kwa kuonyeshwa picha. Wenzetu wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, wanaweza kuangalia njia za miguu na za baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, na mwendesha baiskeli ndiye wa kwanza kuumia dimbwi linapoficha shimo. Gharama ya uchimbaji na kokoto itakuwa juu kuliko ya sakafu ya kawaida, sitawaficha. Lakini ilinganishwe pamoja na gharama ya mtaro, makalavati na kufukua mchanga kila mwaka, ambazo leo hazihesabiwi kwa mwenye ua hata kidogo. Zinahesabiwa kwa jiji, au kwa familia ya mtaa wa chini inayoanika magodoro baada ya mvua.

Wenyeviti wa mitaa nina ombi kwenu la kufanya kabla fedha yoyote haijatengwa. Mvua ikinyesha, tembeeni na mjumbe mmoja na daftari. Andikeni geti lipi linatoa maji mengi, yanakutana wapi na ya geti jingine, na baada ya mvua kukatika yanachukua saa ngapi kuondoka. Mkiwa na shimo la majaribio lililochimbwa katika ua wa shule ya mtaa wenu, andikeni pia maji yalishuka milimita ngapi kwa saa. Daftari hilo likifika mezani kwa mhandisi wa jiji, ataweza kusanifu kwa vipimo vya Tanga, asiazime vya mji mwingine. Vipimo hivyo vikianza masika haya, ujenzi wa ua wa kwanza unaweza kufanyika katika kiangazi kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu na shimo lisilojaa tope, ili vuli ikute kazi imekwisha.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mafundi, karibuni na maswali. Nimekuja na kokoto za ukubwa mbalimbali na vitofali vya mfano hapa mbele, na maji yapo, tuyamimine tuone pamoja.